Shosti Akikukopi Mpaka Biashara

Kuna dada mmoja anaishi Mabibo, Dar, anauza madera mtandaoni. Hana duka. Ana simu, ana kabati moja la nguo, na ana fundi wake Mwenge aliyempata baada ya kuzungushwa na mafundi watatu. Dera lake ukiliona tu unalijua: lina mifuko pembeni na kamba ya kiunoni, ili mtu asionekane kama kavaa pazia.

Ana shosti wake toka sekondari. Huyo shosti kuiga hajaanza leo. Dada akisuka yeboyebo, wiki haiishi naye kasuka. Akinunua sendo za shanga, naye huyo anazo. Mpaka kicheko! Watu walikuwa wanawaita mapacha, na dada wala hakuchukia. Kusema ukweli alikuwa anapenda. Nani hapendi kuonekana ana kitu cha kuigwa?

Sasa siku moja shosti akaomba kumsindikiza Kariakoo. Wakazunguka Mtaa wa Kongo, akaona vitambaa vinavyochaguliwa, akaona bei ya jora inavyopatanwa, wakamalizia kwa fundi. Dada hakuficha kitu. Si mtu wake?

Miezi miwili mbele, mteja akamtumia skrinishoti. "Dada mbona kwa mwenzako ni elfu 20, wewe elfu 25?" Kufungua, ni akaunti ya shosti. Dera lile lile, mifuko ile ile, hata maneno ya chini ya picha kayahamisha kama yalivyo. Na fundi ni yule yule.

Hapo haikuwa tena mambo ya nywele. Ile elfu 5 ndiyo ilikuwa faida yake, na kodi ya chumba ilikuwa inatoka humo humo.

Usiku akaandika status ndefu, yenye mafumbo ya "usiige kunya kwa tembo", kila mtu angejua anasemwa nani. Kidole kikabaki juu ya kitufe cha kutuma. Akawaza, akirusha hii, kesho mtaa mzima utashangilia, keshokutwa watasahau, na yeye atakuwa hana shosti na elfu 5 haijarudi. Akafuta.

Asubuhi akaenda kwao. Akamwamkia mama, akamvuta mwenzake uani, akamwambia bila kuzunguka: "Nywele iga, viatu iga, sina neno. Ila fundi nilikupeleka mimi, na umeshusha bei kwa wateja wangu. Imeniuma."

Shosti kwanza akajifanya hajui. "Kwani madera ni ya kwako? Mbona kila mtu anauza!" Kisha akanyamaza. Kisha machozi. Kumbe duka la vipodozi alikokuwa akifanya kazi walishampunguza muda mrefu, na kila asubuhi alikuwa anatoka nyumbani kavaa vizuri, mama asijue. "Ningekuambia nifundishe, ungesema nakuiga tena."

Hilo nalo lilimchoma dada. Kwa sababu ni kweli, angesema. Na hata hiyo mifuko hakuibuni yeye, aliiona kwenye gauni la mama mmoja ndani ya daladala.

Lakini kumwonea mtu huruma hakulipi kodi. Wakakubaliana hapo hapo: shosti ashone madera ya watoto, na maneno ya kwenye picha aandike ya kwake. Mteja akitaka la mama na mtoto, wanagawana oda. Mambo yanaenda. Picha za kwanza za shosti zilikuwa na maneno ya ajabu ajabu, ila zilikuwa zake, na kina mama walizipenda.

Je, yamerudi kama zamani? Hapana. Wanacheka, wanakula chipsi pamoja, ila dada akipata kitambaa kipya siku hizi anakiposti kwanza ndipo amwonyeshe. Na kuna fundi mwingine kampata, hajamtaja kwa mtu.

Juzi shosti kasuka tena nywele kama zake. Dada akamwangalia, akacheka, akamwambia, "Zimekupendeza kuliko mimi."

Ungekuwa wewe, ile status ungeifuta au ungeirusha?