Je, PlayStation Ijayo Itakula CD?

Najua jarida letu kwa kawaida lina mambo mazito, viza, ada, kodi ya nyumba. Leo niruhusuni niongelee gemu. Nina miaka thelathini, nafanya utafiti wa shahada ya uzamivu katika uhandisi wa umeme, na bado nacheza. Anayesema ni mambo ya kitoto aje Ijumaa jioni na pedi yake, tuone nani ni mtoto.

Kinachonikosesha raha ni konsoli inayokuja. Oktoba 2025 Mark Cerny, msanifu mkuu wa PS4 na PS5, alitokea kwenye video pamoja na Jack Huynh wa kampuni ya AMD, wakaeleza teknolojia tatu wanazozitayarisha kwa mashine ya miaka michache ijayo. Ya kwanza ni kuunganisha vichakato vya picha vifanye hesabu za akili bandia kama kitu kimoja. Ya pili ni sehemu maalumu ya kukokotoa njia za mwanga. Ya tatu ni kubana data zote zinazopita kwenda kwenye memori. Niliitazama mara mbili. Cerny mwenyewe alisema wakati ule mambo hayo yalikuwa bado kwenye uigaji wa kompyuta tu, na mhandisi anayesema hivyo mimi namheshimu. Vivuli vitapendeza, maji yatang'aa, sina wasiwasi. Wasiwasi wangu uko kwenye kitu rahisi kuliko vyote hivyo, nacho ni tundu la kuingizia diski. Kwenye video ile halikuzungumzwa.

Aliyenitia wasiwasi ni mdogo wangu Saidi. Ana kibanda cha gemu Makorora, Tanga. Tivii nne, PS3 mbili, PS4 mbili, mabenchi, na kipande cha kanga dirishani kuzuia jua. Nilimpigia kumsimulia habari za akili bandia na mwanga, akanisikiliza kwa adabu mpaka mwisho, kisha akasema, "Sawa kaka. Sasa hiyo mpya inakula CD au ndiyo zile za kushusha mtandaoni?"

Ambao hamkukulia kwenye vibanda mnaweza kuona hilo ni swali dogo. Kibanda hakihitaji intaneti. Kinahitaji umeme, tivii, pedi mbili zisizo na kigugumizi na CD moja ya mpira. Anayefungwa anatoka, anayefuata anakaa. Sisi tulianza na Winning Eleven kwenye PS2, na tuseme ukweli, CD nyingi za enzi zile zilikuwa za kunakili, hazikujua hata kampuni iko wapi. Siku hizi Saidi anatumia za halali, kwa sababu mimi nazinunua hapa Uingereza mtumba, gemu iliyotoka miaka miwili mitatu nyuma kwa paundi tano au sita. Nazifunga ndani ya soksi, nampa mtu anayesafiri. Zikichosha wateja anabadilishana na mwenye kibanda wa mtaa wa pili. Kwa hesabu za kibanda hicho mdogo wetu wa mwisho yuko kidato cha tatu, na mama hajakopa ada tangu aanze.

Sasa ondoa lile tundu.

Hebu tupige hesabu. Gemu kubwa ya siku hizi kufika GB 100 si ajabu. Hizo ni megabiti 800,000. Kwa intaneti ya megabiti 10 kwa sekunde, inayokwenda bila kupumzika, unahitaji sekunde 80,000, yaani saa 22 na ushee. Hiyo ni gemu moja, mashine moja, bila umeme kukatika na bila kifurushi kuisha. Mnaokaa mabweni ya chuo mnashusha kitu hicho wakati ugali unaiva, ndiyo maana hamuoni tatizo liko wapi.

Halafu kuna akaunti. Duka la mtandaoni la PlayStation linakwenda kwa nchi, na kwa miaka yote niliyocheza nchi zetu hazikuwamo kwenye orodha. Mwanzoni mwa Mei 2024 watu waliliona hilo waziwazi kwa Helldivers 2. Sony walitaka wanaoicheza kwenye kompyuta nao wawe na akaunti ya PlayStation, na gemu ikaondolewa sokoni kwenye Steam katika nchi zaidi ya 170 zisizo na huduma hiyo. Wachezaji walipiga kelele, sharti likafutwa baada ya siku chache. Lakini tulishajua tunakaa upande gani wa mstari. Akaunti yangu mimi ni ya Uingereza, inataka kadi ya benki ya Uingereza. Nikimaliza masomo nikarudi nyumbani, gemu zangu za kushusha zitakuwa za nani? CD ningeibeba mkononi.

Wa kuchekesha ni Sony wenyewe. Mei 2013 Microsoft walipoitangaza Xbox One, walitaka mashine iwasiliane na seva kila baada ya saa 24, na wakaweka masharti kwenye gemu za mtumba. Don Mattrick, aliyekuwa anaongoza Xbox, alipoulizwa kuhusu watu wasio na intaneti alijibu kwamba bidhaa yao ipo, Xbox 360. Mwezi uliofuata Sony wakatoa video ya sekunde 22 kuonyesha namna ya kuazimana gemu kwenye PS4. Jamaa mmoja anampa mwenzake gemu mkononi, basi. Ukumbi mzima wa wacheza gemu duniani ulicheka, na tarehe 19 Juni Microsoft wakarudi nyuma. Sasa sogea mpaka Novemba 2024. Sony haohao wanatoa PS5 Pro kwa paundi 699.99, haina sehemu ya diski. Wakati ule ukiitaka ulinunua kando, paundi 99.99 nyingine, na kuiunganisha mara ya kwanza lazima uwe na intaneti. Na ile Xbox 360 ya wasio na intaneti, duka lake la mtandaoni lilifungwa tarehe 29 Julai 2024.

Mwenzangu ninayekaa naye, Mkenya wa Kisumu, ananiambia, "Wewe wachana na CD bana, hiyo ni mambo ya wazee." Ana hoja zake. Punguzo la bei mtandaoni wakati mwingine linashinda mtumba. CD inakwaruzika. Na CD yenyewe siku hizi si lazima iwe na gemu ndani. Kadi nyingine za Switch 2, iliyotoka Juni 2025, ni ufunguo tu, gemu unaishusha. The Crew ya Ubisoft ilizimiwa seva Machi 2024, na walioinunua kwenye diski wakabaki na kisahani cha kuwekea kikombe. Hapo sibishani naye. Ila yeye anacheza peke yake chumbani, hana wateja kumi na wawili wanaosubiri zamu kwenye benchi.

Kwa hiyo mimi hela yangu naishika. Siku watakapoionyesha mashine hiyo, sitaanza kusoma habari za mwanga, nitatazama uso wake kwanza. Ikiwa na tundu, au hata ya kuunganisha kando kwa bei ya kibinadamu, nitaanza kujibana. Ikikosa, Saidi ataendelea na PS4 mpaka feni zigome, na mimi nitatafuta PS5 ya mtumba yenye diski kabla hazijaadimika.

Wakati huohuo, kama kuna anayesafiri Desemba kupitia Dar na begi lake lina nafasi ya kilo mbili, anitafute. Nina CD sita na pedi moja. Soksi ni safi.