Bi Mariam na Ganuni Yake: Neno kwa Maharusi Wetu wa Mara



Sisi watoto wa Unguja na Pemba tulioolewa Mara tumetawanyika: wengine tupo Musoma mjini, wengine Bunda, wengine Butiama. Kinachotukutanisha ni harusi. Hapo ndipo tunapotwanga singo, tunaporoweka hina na kuchora piko, na somo akakaa na mwari wake. Na kila harusi huja na swali lile lile: usiku wa wanawake utapigwa nini?

Mwezi ujao tunamuoza binti wa dada yetu wa Bunda, na safari hii swali limefika pabaya. Wazee wa upande wa bwana wanataka dufu na kasida, basi. Vijana wanataka maspika makubwa na mpiga disko, kijana wa kiume atakayekaa ukumbini wakati sisi tumeshavua mabuibui. Bibi harusi yupo katikati, na kila upande unamtaka aseme neno. Ndipo mmoja wetu alipomtaja Bi Mariam Hamdani.

Wasiomjua tuwaeleze. Bi Mariam ni mwanamke wa Zanzibar aliyejulikana kwanza kwa kalamu, kwani kazi yake ilikuwa uandishi wa habari. Mwaka 2009 alianzisha Tausi, kundi la taarab la wanawake watupu. Labda mtasema, hilo geni lipi? Wanawake wa Zanzibar wameimba tangu enzi za Siti binti Saad, aliyekwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri. Kweli, sauti ilikuwa yetu. Lakini ganuni, fidla na udi vilikuwa mikononi mwa wanaume, tangu klabu kongwe ya Ikhwani Safaa ilipoanzishwa mwaka 1905. Mwanamke alisimama mbele akaimba, na nyuma yake wamekaa wanaume wanampigia. Tausi ikageuza ukumbi: anayeimba ni mwanamke, na anayepiga ni mwanamke.

Bi Mariam mwenyewe akashika ganuni. Chombo hiki hulazwa mapajani, kina nyuzi zaidi ya 70 zinazokwenda tatu tatu kwa kila sauti, na mpigaji huvaa vidonoa kwenye vidole vya shahada. Okestra ya Kizungu huongozwa na mtu aliyesimama na kijiti mkononi. Taarab yetu ya asili huongozwa na mtu aliyekaa pamoja na wenzake. Wenye fidla na udi hutega nyuzi zao kwa kusikiliza ganuni. Kiongozi akiinua kichwa, dumbaki inajua pa kuingia. Akipunguza mkono, fidla zinapoa. Anaongoza huku anapiga, na kwanza anasikiliza.

Kazi ya pili ni kufundisha, nayo ndiyo nzito zaidi. Kundi la wanawake haliwezi kusimama bila mwanamke wa kumfunza mwenzake. Mama ana watoto, ana jiko, ana mume wa kumuaga kabla hajatoka. Mwalimu wa namna hiyo inambidi ajue maisha ya wanafunzi wake kama anavyozijua nyuzi.

Tukiwa Butiama tunakumbushwa jambo jingine. Hapa ndipo alipozaliwa na alipozikwa Julius Nyerere, ambaye nchi nzima inamwita Mwalimu. Katika hotuba yake ya urais ya Desemba 1962, alipotangaza wizara ya utamaduni, alisikitika kwamba waliosoma wanazijua dansi za kigeni na hawazijui ngoma za kwao. Miongoni mwa ngoma alizozitaja ni lelemama. Lelemama, mashoga! Ngoma ya bibi zetu wa pwani na visiwani, imetajwa na mtoto wa Butiama. Kwa hiyo tusione haya kuileta huku. Hata majirani zetu Wakurya wana ritungu lao la nyuzi nane, na hawamuombi mtu radhi.

Sasa upande wa dini, maana bila huo hatuna harusi. Masheikh wetu wamekhitilafiana juu ya vyombo vya nyuzi, na kila mmoja wetu amfuate anayemwamini kwa elimu yake. Lakini dufu harusini lina hadithi yake katika Bukhari: Mtume, swalla Allahu alayhi wasallam, aliingia harusini kwa Rubayyi' binti Mu'awwidh, wasichana wakipiga dufu na kuimba. Hakuwakataza kupiga. Alimrekebisha mmoja tu aliyesema kwamba Mtume anajua yatakayotokea kesho.

Basi sisi tumependekeza hivi kwa harusi ya Bunda. Dufu liwepo, kama wazee wanavyotaka. Nyimbo za furaha ziwepo, kama vijana wanavyotaka. Na wapigaji wawe wanawake watupu, mabinti zetu wenyewe. Wasichana saba wameshakubali, na kila Jumamosi baada ya Alasiri wanafunzwa na bibi mmoja wa Kipemba aliyehamia Musoma. Ukumbi wetu hautahitaji mwanamume mlangoni wala ndani. Wazee wamesema watasikiliza kwanza, ndipo waamue. Tunawaombea nyoyo laini.

Na wewe bibi harusi unayesoma, usingoje mpaka fedha ya kianzio imeshalipwa. Kaa na mama yako, somo wako na upande wa bwana mapema. Ulizeni nani atapiga, nani atawaona, nyimbo zinasema nini, na Isha itaswaliwa saa ngapi. Kama una dufu, udi au sauti nzuri, usife nayo. Mtafute binti mmoja umfundishe, ili harusi ya mwanao isihitaji kukodi mgeni.

Allah awape maharusi wetu wote mapenzi na huruma. Aamin.