Barua kutoka Kingo za Turkwel na Tarach

Lodwar, Turkana

Mjomba wangu mpendwa,

Jua la huku halina mzaha. Uliniagiza nikifika nikueleze mji ulivyo, mto wake, na watu wanavyoishi nao. Nimeona nisiandike kwa haraka, maana habari za huku zina mizizi mirefu, na mmoja wa mizizi hiyo unaanzia hapo hapo kwetu Pangani.

Mwaka 1887, Samuel Teleki, tajiri wa Hungaria, pamoja na Luteni Ludwig von Höhnel, walitoka Pangani na msafara wa mamia ya wapagazi. Waliufuata mto wetu wa Pangani kwenda Taveta, kisha wakaelekea kaskazini. Aliyekuwa nao, mwenye kujua njia na desturi za bara, ni Jumbe Kimemeta, mfanyabiashara wa pembe za ndovu wa Pangani. Machi 1888 wakaliona ziwa kubwa. Teleki akalipa jina la Rudolf, mwana wa mfalme wa Austria, ingawa wavuvi na wafugaji walikuwa wamelizunguka kwa vizazi visivyohesabika. Jina hilo lilidumu hadi 1975, serikali ya Kenya ilipoliita Ziwa Turkana. Wakati wa kurudi, msafara ule ulipita nchi ya Waturkana ukiufuata mto Turkwel, watu wakiwa hoi kwa njaa. Mwaka huo huo wa 1888, Abushiri bin Salim aliinuka dhidi ya Wajerumani hapo kwetu. Kwa hiyo, mjomba, mtu wa Pangani aliukanyaga mchanga huu zamani, naye aliokolewa na mto huu huu ninaokuandikia.

Lodwar umekaa ukingoni mwa Turkwel, upande wa magharibi, mahali ambapo mkondo wa msimu wa Kawalase unakuja kuungana nao. Ukipanda kilimani penye sanamu ya Kristo aliyenyoosha mikono, nchi yote inafunuka mbele yako: mawe meusi ya volkano, tambarare ya rangi ya kutu, na katikati yake mstari mmoja wa kijani unaopinda kuelekea ziwani. Mstari huo ndio Turkwel. Mvua ya Lodwar ni kama milimita 200 tu kwa mwaka, na kwa mvua hiyo peke yake hapangekuwa na mji. Maji yanatoka mbali, katika Mlima Elgon, wenye kimo cha mita 4,321. Huko mto unaitwa Suam. Unashuka kwenye makorongo ya Pokot, unapita Kainuk na mashamba ya umwagiliaji ya Katilu, kisha unaingia jangwani. Mvua inayonyesha kwa watu wengine ndiyo inayowanywesha watu wa Lodwar.

Juu huko makorongoni limejengwa Bwawa la Turkwel, lililokamilika 1991. Ukuta wake una kimo cha mita 153, na mitambo yake ni ya megawati 106. Umeme huo ulipelekwa kusini, na Lodwar ukaendelea kwa miaka mingi kuwashiwa taa na jenereta za dizeli. Nawe unajua habari za mabwawa: tangu Nyumba ya Mungu mpaka Hale, mto wetu nao umefungwa na kufunguliwa na watu wasiokaa mdomoni mwake. Mtu wa chini ya mto hupata anachoachiwa.

Mji wenyewe si wa kale. Katika miaka ya 1930 wafanyabiashara wachache walikuja kufungua maduka ukingoni, na serikali ya kikoloni ilikuwa na boma lake hapa la kuitawala nchi iliyokuwa imeipiga vita kwa muda mrefu. Waturkana hawakutiishwa kirahisi. Operesheni kubwa ya kijeshi ya 1918 iliwanyang'anya mifugo mingi mno, na simulizi za hasara ile bado zipo. Baadaye eneo zima likafungwa, na mtu wa nje hakuingia bila kibali. Ndiyo sababu wakoloni waliona panafaa kuficha watu. Jomo Kenyatta alihukumiwa Kapenguria Aprili 1953 kifungo cha miaka saba, akapelekwa Lokitaung, kaskazini zaidi ya hapa. Mwaka 1959 alihamishiwa Lodwar, akiwekwa chini ya ulinzi. Mwaka 1960, akiwa bado hapa, wenzake walimchagua rais wa chama kipya cha KANU, na serikali ikakataa kumtambua. Machi 1961 wajumbe wa KANU na wa chama pinzani cha KADU waliruka kwa ndege kuja kuonana naye. Mji uliochaguliwa kwa sababu ya umbali wake ukawa mahali ambapo viongozi wa nchi walikuja kwa ndege kushauriana.

Lakini historia iliyonigusa zaidi, mjomba, haikuandikwa na boma. Imo kwenye miti.

Ukitembea ukingoni utaona migunga mikubwa, mikoma na miswaki imeshikana kama msitu mwembamba. Mgeni huidhani pori lisilo na mwenyewe. Wazee wa hapa watakwambia kila kipande kina familia yake. Utaratibu huo wanauita ekwar. Familia ina haki juu ya miti ya kipande chake, kuanzia ukingoni mwa mto kurudi ndani: maganda ya mgunga yanayodondoka wakati wa kiangazi na kulisha mbuzi, matunda, na kivuli. Haki hiyo hurithiwa. Mtu mwingine akitaka kuleta mbuzi wake, anaomba. Ukoo ukiutelekeza ukingo wake kwa muda mrefu, madai yake hudhoofika. Pakitokea ugomvi, wazee hukaa chini ya mti na kuamua. Ndiyo maana katika nchi hii kavu bado kuna migunga ambayo watu watatu hawawezi kuikumbatia shina. Haikubaki kwa bahati, imebaki kwa makubaliano.

Mkoma nao ni mti wa heshima. Makuti yake yanasukwa vikapu na mikeka na akina mama, na vikapu hivyo vinauzwa mpaka Nairobi na ng'ambo. Makoma hutwangwa na kuliwa, hasa njaa inapokaza. Niliketi na mama mmoja anayesuka karibu na daraja, nikamweleza kuwa kwetu tunasuka ukili wa mkindu. Akanipokonya kikapu changu alichokisuka shangazi, akakigeuza ndani nje, akaukagua ushonaji bila neno, kisha akanirudishia akitikisa kichwa kukubali. Nilifurahi kwa niaba ya shangazi.

Mgeni huipima historia ya mahali kwa kuta zake. Nchini Ufaransa watu husafiri mbali kwenda kuona vijiji vya mto Dordogne, kama La Roque-Gageac, vilivyojengwa kwa mawe tangu Zama za Kati. Wanavilinda kwa sheria, na wanastahili sifa kwa hilo. Mji wa mfugaji hauachi kuta, kwa hiyo ni rahisi kwa mgeni kusema hapa hapana historia. Lakini hata ukitaka mawe, yapo. Kwenye njia ya kwenda Kalokol, ziwani, zimesimama nguzo za mawe zilizoinuliwa na wafugaji wa kwanza wa nchi hii, yapata miaka 5,000 hivi iliyopita. Lothagam, upande wa kusini, wataalamu walikuta makaburi ya jamii hiyo hiyo: mamia ya watu, wake kwa waume, wazee na vichanga, wamezikwa pamoja na shanga zao za mawe ya rangi, wala hapakuwa na dalili ya bwana na mtwana. Wakati huo mvua ilikuwa imepungua na ziwa likijivuta nyuma. Watu walioona maji yanawakimbia hawakutawanyika. Walijenga mahali pa kukutania na kuzikana.

Nilipoyaona hayo ndipo nilipoelewa ninachotaka kukuambia katika barua hii. Kinachoufanya mji wa kando ya mto udumu si wingi wa maji. Ni makubaliano ya watu juu ya maji na ukingo. Mito mikubwa imeona miji ikifa, na mto wa mchanga umelea watu kwa maelfu ya miaka.

Kutoka Lodwar nilipanda gari kwenda Kakuma, kilomita 120 hivi kuelekea kaskazini-magharibi, kwenye barabara kuu iendayo Lokichoggio na mpaka wa Sudan Kusini. Mto wa huko unaitwa Tarach. Ukiufikia wakati wa kiangazi utauliza mto uko wapi: ni uwanja mpana wa mchanga mweupe, wanaouita laga. Maji yako chini. Wenyeji huchimba visima mchangani, vingine virefu mpaka watu wasimame ngazi kwa ngazi, wakipokezana ndoo na kuimba ili ng'ombe wasikie na kusogea hori kwa zamu. Mvua ikinyesha milimani, laga hushuka kwa kishindo ikibeba miti na nyumba, kisha maji yanakwenda kupotea katika tambarare za Lotikipi.

Tarach ndio mto wa asili ya Waturkana. Simulizi wanayoshirikiana na ndugu zao Wajie wa Karamoja, Uganda, inasema mwanamke aitwaye Nayeche alifuata nyayo za fahali aliyepotea, akashuka kutoka Uganda mpaka chanzo cha Tarach. Akakuta maji na matunda ya porini, akakaa. Vijana waliokuja kumtafuta fahali wakamkuta yeye na neema ile, na baadhi yao hawakurudi. Kutokana nao, ndivyo wasemavyo, likatokea taifa la Waturkana. Angalia, mjomba: mwenye nchi mwenyewe anasimulia kwamba alikuja akifuata nyayo, akapokewa na mto.

Mwaka 1992 wakaja wengine. Maelfu ya watoto wa Sudan, waliokuwa wamekimbilia Ethiopia na kufukuzwa tena na vita baada ya serikali ya Mengistu kuanguka Mei 1991, walitembea mpaka wakaingia Kenya, nao wakaletwa kando ya Tarach. Hivyo ndivyo kambi ya Kakuma ilivyoanza. Baada yao wakaja Wasomali, Waethiopia, Wakongo, Warundi na wengine. Leo Kakuma na makazi jirani ya Kalobeyei yana watu wapatao laki tatu. Sokoni nilikula injera kwa Mwethiopia, nikanunua kitambaa kwa Msomali, na nikasalimiwa kwa Kiswahili cha Kivu na fundi cherehani aliyenitambua kwa lafudhi kabla sijamaliza sentensi. Misaada mingine ya chakula ilitolewa kwa simu kwa mpango ulioitwa Bamba Chakula, na mtu alinunua dukani alichohitaji, hivyo maduka ya wakimbizi na ya Waturkana yote yakapata biashara.

Sitakuficha shida. Watu laki tatu wanahitaji kupika kila siku, na kuni za Turkana zinahesabika. Wenyeji wamelalamika miti inapokatwa, na ugomvi wa kuni na maji umewahi kumwaga damu. Wanawake wa Kiturkana huuza kuni na makaa kambini, na kila mzigo unaouzwa ni mti uliopungua mahali fulani. Mathenge, mti wa kigeni ulioletwa kuzuia jangwa, umeenea ukingoni na kusongamana mpaka mbuzi hawana njia, na chini yake mgunga mchanga hauoti. Visima virefu vya kambi vinavuta maji yale yale ya chini ya Tarach.

Hata hivyo nimeona mwanzo mzuri. Kalobeyei ilipangwa tangu 2015 kwa mazungumzo kati ya jamii ya wenyeji, serikali ya kaunti na shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi. Wenyeji walitoa hekta 1,500 hivi, kwa masharti kwamba shule, zahanati, soko na maji viwe vya wote. Utekelezaji bado una mapengo, na walionisimulia hawakuyafunika. Lakini msingi ni ule ule wa ekwar: anayekuja anaomba, mwenye ukingo anasikilizwa, na wote wawili wanawajibika kwa mti. Naamini kwa moyo wangu wote kwamba wapangaji wa mambo ya wakimbizi wangejifunza mengi kama wangeanza kwa kuketi na wazee hawa kabla ya kufungua ramani zao.

Sasa nakugeukia wewe, mjomba. Hapo Pangani mto umejaa, vivuko havikosi abiria, kwa hiyo tunadhani hautatuhitaji. Lakini wewe mwenyewe ulinionyesha minazi iliyokauka kwa sababu maji ya chumvi yanapanda mto mwaka hadi mwaka, kwa kuwa maji matamu yanayoshuka yamepungua. Mikoko inakatwa usiku na kila mtu anasema si yake. Huku nimeona watu wenye mto usio na maji wakijua kila mti ni wa nani na nani wa kuulizwa. Nakuomba kikao kijacho cha mtaa uliweke jambo hili mezani: tugawane ukingo kwa koo na kwa vikundi vya wavuvi, kila kundi liwe na kipande chake cha mikoko, na wazee wapewe nguvu ya kuamua. Wewe wanakusikiliza. Nikirudi nitakaa nawe kulipigania.

Nisalimie shangazi, na mwambie kikapu chake kimepata heshima Turkana. Wasalimie wote wanaonikumbuka.

Wako mtiifu,
Mpwa wako