Nyayo bapa za mtoto: lini mzazi awe na wasiwasi?

Mvua ilikuwa imekatika Bumbuli pale mama mmoja alipoziona alama za miguu ya mwanawe wa miaka minne kwenye sakafu ya saruji. Unyayo mzima ulikuwa umechapa, bila ule uvungu wa katikati. Moyo ukamlipuka. Atapandaje milima hii kwenda shule? Jirani alimshauri amnunulie viatu maalumu, na fedha za maharage zilikuwa bado zimefungwa kwenye kanga.

Bibi wa mtoto alicheka. "Mwanangu, baba yake alikuwa hivihivi. Leo si anabeba gunia la viazi mpaka barabarani?"

Bibi hakukosea. Karibu watoto wote wadogo wana nyayo bapa, kwa kuwa unyayo wao umejaa mafuta na viungo bado ni laini. Uvungu hujijenga taratibu, mara nyingi hadi miaka 10 hivi. Wapo wanaobaki bapa hadi ukubwani na hawaumwi kitu.

Viatu maalumu navyo havijengi uvungu. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 1989 uliwafuatilia watoto kwa miaka mitatu: waliovaa viatu hivyo na wasiovaa, wote waliendelea vizuri sawasawa. Nchini India, utafiti wa mwaka 1992 kwa watoto 2,300 ulikuta nyayo bapa ni nyingi zaidi kwa wanaovaa viatu kuliko wanaotembea peku. Mguu huimarika kwa kutumika. Lakini peku huleta funza na minyoo, hivyo mwache mtoto acheze peku ndani, na nje avae viatu visivyombana.

Kipimo ni rahisi. Mtoto asimame kwa ncha za vidole. Uvungu ukijitokeza, na haumwi, hahitaji tiba. Mpeleke hospitali iwapo uvungu haujitokezi, mguu ni mgumu, anaumwa, anachechemea, au mguu mmoja tu ndio bapa. Mwenye maumivu anaweza kupewa mazoezi ya kunyoosha misuli au soli za kuweka ndani ya viatu. Soli hizo hupunguza maumivu, hazibadili umbo la mguu.

Mama yule alimshika mwanawe mikono, akamwambia ajinyanyue kama anachuma pera. Uvungu ukaonekana. Siku ya gulio alinunua raba za kawaida zinazomtosha mtoto, na fedha iliyobaki ikarudi kwenye kanga.