Silanga Nalo Lina Uhai

Ukimwambia mtu wa Nairobi kwamba Banissa kuna uchafuzi wa maji, atakuuliza kwanza: maji gani? Kwa wengi, maji machafu ni Mto Nairobi ama Ziwa Victoria. Huku Mandera, Mto Daua unapita mbali kaskazini, Malkamari, mpakani na Ethiopia. Wengi wetu tunategemea silanga, shimo kubwa lililochimbwa kukinga maji ya mvua.

Watu huliona kama tangi tu. Mimi naliona kama ziwa dogo. Mvua ikinyesha, siku chache tu vyura wanaimba usiku kucha, viluwiluwi wanajaa ukingoni, na kereng'ende wanagusa maji kwa mkia.

Halafu mifugo huingia. Ng'ombe, mbuzi, ngamia, hata punda wa kubeba mitungi, wote hunywa wakiwa wamesimama ndani, na kinyesi kinabaki humo humo. Kinyesi ni mbolea: kina naitrojeni na fosforasi. Mwani hustawi, maji yakawa kijani. Mwani ukifa, bakteria wanaouozesha humaliza oksijeni, na viluwiluwi wanaelea tumbo juu. Mbolea kama hiyo ndiyo hunenepesha magugu maji kule Kisumu. Tofauti ni kwamba ziwa letu hupungua kila siku ya jua, na maji yakienda uchafu unabaki.

Ayeyo wangu huangalia viluwiluwi kabla ya kuteka. Akiona wamekufa, anarudi na mtungi mtupu. Ni akili nzuri, ila haitoshi. Mvua pia husomba kinyesi cha watu hadi silangani, na kipindupindu hakionekani kwa macho. Mandera ilikionja 2016.

Dawa inajulikana: ua kuzunguka silanga, bomba la kupeleka maji kwenye birika la mifugo nje, na vyoo mbali na njia ya maji. Shida ni lango. Kati ya 2020 na 2022 mvua ilikosa misimu mitano mfululizo. Mchungaji aliyetembea siku tatu na ngamia wenye kiu, utamwambia nini? Ukimfungia, umeua mifugo wake. Ukimwachia aingie, mtakunywa kinyesi pamoja.

Kwa hivyo birika lijazwe kabla hajafika. Pesa za miradi zianzie hapo, kwenye bomba na mlinzi, kabla ya kuchimba shimo lingine na kulipiga picha.