Mficha Uchi Hazai

Methali hiyo nimewafundisha watoto wa Nyangwe miaka mingi, bila mimi mwenyewe kuifuata.

Siku moja muuguzi alifika shuleni kuwapima walimu damu, apate kujua nani ana kaswende au virusi vya Ukimwi. Meza yake iliwekwa barazani, mbele ya ofisi ya mwalimu mkuu. Kila aliyeketi pale alionekana na watu wote, na aliyekawia alianza kusemwa. Basi sote tukajidai kuwa tuna madaftari ya kusahihisha. Nami nikajidai vivyo hivyo.

Miezi michache baadaye mke wangu alizaa mtoto aliyekwisha kufa. Alipimwa, kisha nikapimwa mimi: kaswende. Kosa lilikuwa langu, nami nimeliungama. Penisilini ilituponya sote wawili, mtoto tulimzika.

Tangu hapo nimejiuliza: mfanyakazi apimweje bila kuaibishwa? Wako waliotangulia kutuonyesha. Mwaka 2001 kampuni ya bia ya Heineken ilianza kuwapa dawa za Ukimwi wafanyakazi wake wa Rwanda na Burundi, pamoja na jamaa zao; baadaye ikafanya hivyo katika viwanda vya Bralima, hapa Kongo. Maana nani atakubali kupimwa, ikiwa baada ya kipimo hapati dawa? Tena sheria ya nchi yetu ya tarehe 14 Julai 2008 yakataza mtu kulazimishwa kupimwa virusi hivyo ili apate kazi, au kufukuzwa kwa sababu anavyo.

Lakini sheria haina mlango. Chumba ndicho chenye mlango. Twamwendea padre kuungama kwa kuwa twajua atanyamaza. Muuguzi naye yampasa kunyamaza, hata mbele ya yule atulipaye mshahara.

Nilimweleza mwalimu mkuu hayo, naye akakubali. Muuguzi aliporudi alipewa chumba cha darasa la sita, na jibu alipewa mwenye damu peke yake. Niliingia wa kwanza. Nilipotoka, niliwakuta wenzangu wamekwisha kujipanga nje.

Enyi akina baba, msingoje kaburi dogo liwafundishe. Nendeni mkapimwe, mkawaambie na wake zenu. Nanyi mlio wakubwa wa kazi, fungeni mlango.