Safari ya Rubisi: Walale Hotelini Bukoba au kwa Bibi Ngenge?

Wadau, kuna dada mmoja wa Dar, jina kapuni, anauza nywele na vipodozi Instagram na wafuasi anao wa kutosha. Mashosti zake walipanda treni ya SGR wakaenda Dodoma, wakaposti mashamba ya zabibu kule Hombolo, glasi mkononi, jua linazama nyuma yao. Roho ikamuuma. Akamgeukia mpenzi wake: na sisi lini?

Mpenzi wake ni fundi simu Kariakoo, Mhaya wa Muleba, Ngenge kabisa. Na Wahaya mnawajua, hawakosi jibu. "Zabibu za nini? Kwetu mvinyo unatoka kwenye mgomba."

Alikuwa anasema rubisi. Kwa wasioijua, hiyo ni pombe ya ndizi ya Kagera, na isichanganywe na gongo, ile kali ya kuchemshwa ambayo sheria inaikataza. Rubisi haipiti kwenye moto, ni juisi ya ndizi iliyochachushwa na unga wa mtama wa kukaanga. Kwa Wahaya haikosekani harusini, msibani, kwenye mahari, hata kesi ya mpaka wa shamba ikiisha watu wanakaa kuinywa. Dada akaona hiyo ndiyo safari yenyewe, Dodoma kila mtu kashaenda.

Wakakubaliana Julai, usiku 4. Ikabaki kitu kimoja: walale wapi?

Jamaa alishamaliza zamani. Alipata hoteli Bukoba mjini, ufukweni, dirishani unakiona kisiwa cha Musira, 85,000 kwa usiku na chai ya asubuhi ndani. Mpango wake: walale Bukoba siku zote, siku moja wakodi gari mpaka Ngenge, wamsalimie Bibi, wanywe rubisi, wapige picha, jioni warudi. Dada hakubisha. Choo cha ndani, maji ya moto, intaneti ya kuaminika, nani anakataa? Ngenge ni mbali na ziwa na mbali na lami, mwanga ni wa sola na maji ni ya ndoo.

Ila jamaa alikuwa na sababu yake nyingine, hakuisema. Nyumba ya kwao ina ufa. Tetemeko lile la 10 Septemba 2016, lililoangusha nyumba za watu kibao Kagera, liliuachia ukuta wa chumba cha Bibi ufa unaopitisha mkono. Wakaukandika udongo, wakauegemezea miti miwili. Jamaa kila mwaka anaahidi simenti, na kila mwaka kuna kodi ya fremu, kuna mzigo wa vioo vya simu, kuna hiki na kile. Halafu huku Dar alishamsimulia mpenzi wake kwamba kwao ni nyumba ya maana, vyumba 6. Vyumba ni kweli viko 6, hakudanganya hapo.

Sasa twende kwa Bibi. Jumapili jamaa akapiga simu: "Bibi, Ijumaa tupo." Bibi hakuuliza maswali. Akatuma mtu shambani siku hiyo hiyo.

Hapa watu wa mjini ndipo wanapokosea. Mvinyo wa Dodoma ukishaingia kwenye chupa unakusubiri, uje leo, uje Krismasi. Rubisi haimsubiri mtu. Ndizi zake ni za aina yake, si zile za kupika, na zinakatwa mbichi. Linachimbwa shimo, linapashwa moto, linatandikwa majani ya mgomba, ndizi zinapangwa ndani na kufukiwa ziive. Siku 4, siku 5, inategemea na joto. Zikitoka zinamenywa na kumwagwa kwenye mtumbwi, ndiyo, mtumbwi wa gogo kama wa wavuvi, ila huu unakaa nchi kavu. Wanaume wananawa miguu, wanaingia na nyasi, wanazikanyaga mpaka juisi itoke. Watoto wanapewa juisi ile ingali tamu. Inayobaki inatiwa mtama, inafunikwa na majani, inalala. Kesho yake ni rubisi. Keshokutwa bado unakunywa ila inakusuta. Baada ya hapo ni siki.

Kwa hiyo Bibi alishapiga hesabu: kukamua Ijumaa, wageni wakiwa wamefika, wajionee. Kunywa Jumamosi.

Jumatano jamaa akapiga tena, simu iko kwenye spika, dada yuko pembeni anapaka kucha. "Bibi, tutalala Bukoba. Ngenge tutakuja Jumamosi mchana, tutakaa kidogo."

"Kulala Bukoba kwa nani?"

"Hotelini, Bibi."

Kimya. Kuku wanasikika. Halafu: "Haya, baba." Simu ikakatwa.

Dada aliacha kupaka kucha. Hakusema kitu, lakini lile "kwa nani" lilimganda kichwani. Na kweli, kwa mtu wa umri wa Bibi, mtu halali mahali, analala kwa mtu. Mjukuu anayelala hotelini akiwa kwenye mkoa wake anawaambia majirani kwamba kwao hakuna kwao.

Wakapanda basi mpaka Mwanza, Alhamisi jioni wakaingia MV Victoria, usiku kucha majini, Ijumaa asubuhi Bukoba. Hoteli haikuwa na kosa lolote. Shuka safi, sato wa kukaanga, upepo wa ziwa, ndizi za nyama. Dada akapiga picha mpaka simu ikaishiwa chaji. Jioni akamwita mhudumu.

"Naomba rubisi."

Mhudumu akacheka kwa adabu. "Rubisi hapa hatuna, dada yangu. Ila mvinyo mwekundu wa Dodoma upo, wa baridi kabisa."

Dada naye akacheka, mwisho machozi yakamtoka, na katikati ya kicheko akaacha. Wamepita Dodoma, wamepita Mwanza, wamevuka ziwa usiku, waje wauziwe Dodoma. Akamgeukia jamaa. "Bibi kauliza kwa nani. Hivi ungekuwa wewe ndiye umechimba shimo?"

Jamaa akajaribu habari za choo. Akajaribu barabara. Akajaribu kusema alikuwa anamfikiria yeye asipate shida. Mwisho akasema habari za ukuta, ameinamia meza, sauti imeshuka.

"Kwa hiyo ni ukuta?" dada akasema. "Kwetu Mbagala mvua ikinyesha tunanyanyua magodoro juu ya meza. Nimewahi kukwambia?"

Hakuwahi. Miaka 2 ya mapenzi na kila siku alikuwa anashushwa kituo cha mbele.

Jumamosi asubuhi wakaomba kuondoka. Walishalipia usiku 2, na ule wa pili haukurudishwa, ndiyo utaratibu, hakuna wa kumlaumu. Wakanunua sukari, mchele, sabuni na kitenge, wakapanda gari la abiria mpaka Muleba mjini, kisha bodaboda 2, vumbi jekundu mpaka kwenye kope. (Wasio na bibi Kagera msikate tamaa. Gesti za kawaida Muleba mjini zipo. Cha msingi tafuta mwenyeji na umwambie wiki nzima kabla, maana ukifika na kuagiza leo utapewa soda.)

Dada akapiga magoti kusalimia, alivyofundishwa njiani. Bibi akamshika mikono yote miwili muda mrefu. Akaleta kikapu kidogo cha kahawa za kutafuna, zile zilizochemshwa na majani ya kunukia zikakaushwa, mgeni ndiyo anapokelewa nazo. Dada alidhani ni za kupeleka jikoni. Alipoonyeshwa akatupia 2 mdomoni, sura ikajikunja, wazee wakafurahi. Kwa mjukuu wake Bibi alisema "umefika" na kupita.

Kukanyaga ndizi walishakukosa. Mtumbwi ulikuwa umeoshwa na kugeuzwa, nyasi zimetupwa, baba mdogo anasimulia tu. Ile video dada aliyoipigia hesabu tangu Dar ilipita Ijumaa mchana, wakati yeye anapiga picha sato.

Rubisi ilikuwepo. Rangi ya kahawia, nzito kidogo, tamu kwanza halafu uchachu unakuja nyuma, na mwisho kabisa harufu ya mtama ulioungua. Mzee mmoja jirani akaonja kwanza, akatikisa kichwa kukubali, vibuyu vikaanza kuzunguka. Bili hakuna, lakini na kuondoka hakuna. Ukipewa unakaa. Wakakaa mpaka giza, majirani wanaingia, kila mmoja anauliza huyu binti ni wa wapi na kwao wanalima nini.

Kulala? Wale wanaowaza chumba cha wawili wasahau. Jamaa alipelekwa kwa baba mdogo. Dada alilala na Bibi, kitanda kimoja, chumba chenye ufa. Bibi akashika taa ya sola, akamulika ukuta juu mpaka chini bila haraka, akasema, "Huu atajenga mume wako." Akazima taa. Hakuna mahari iliyotajwa bado, hakuna mshenga. Dada alikaa macho muda mrefu akimsikiliza Bibi anavyopumua.

Jumapili rubisi ikaanza kusuta, wakaimalizia hivyo hivyo. Jumatatu jamaa na baba mdogo wakaenda Muleba na ile 170,000 ya usiku 2 ambao hawakuulipia, wakarudi na mifuko 6 ya simenti juu ya pikapu ya watu. Baba mdogo akaihesabu, akasema kwa ukuta inatosha, msingi hapana. Bibi akampikia mjukuu wake ndizi na maharage, akamkalia pembeni mpaka akamaliza sahani.

Instagram dada ameposti picha moja tu ya safari nzima, Musira jua linachomoza, kutoka dirisha la hoteli. Komenti zimejaa watu wanaouliza ni hoteli gani na bei gani. Bado hajawajibu.